Mafua Tu

Mafua tu, nilisema.
Nikajifuta pua kwa mkono wa kanzu, nikampokea mtoto.

Wiki saba alikuwa nazo Sulhiya.
Hata jina lilikuwa halijamkaa sawasawa,
twamwita bibi harusi, twamwita mzee mzima,
twamwita nani weye.
Nikamnusa utosini, pale panapodunda,
nikambusu puani.
Mjomba asipobusu, abusu nani?

Kazi yangu ni simu. Mwembe Tayari,
kibanda cha tatu kutoka kwa muuza soksi.
Nafungua skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi,
vumbi nalipuliza kwa mdomo.
Jumatatu ile alikuja mama na mtoto wa chekechea,
kamasi mbili zateremka sambamba.
Mtoto akapiga chafya, yote juu ya meza yangu.
"Sema alhamdulillahi," mamake akamwamrisha.
Akasema. Nikamwitikia inavyopasa,
nikaendelea kupuliza.

Ijumaa koo likaniwasha.
Jumapili nikavuka kwenda Kisauni kwa dada yangu Twahira,
na ndizi za mkono wa kulia,
na mkono wa kushoto ule uliojifuta pua.

Hakikuwa kikohozi kilichonitisha, wiki iliyofuata.
Zilikuwa mbavu.
Kila pumzi zikijichora chini ya ngozi
kama vyuma vya dirisha nyuma ya pazia.
Alishika titi, akaliacha. Akalishika, akaliacha.
Hewa na maziwa vyagombea mlango mmoja.
Mama akaleta chetezo, ubani kidogo, kwa nia njema.
Moshi ulipofika kitandani
midomo ya mtoto ikawa rangi ya biringani.
Tukatoka na tuktuk saa nane za usiku,
daraja la Nyali tupu,
Twahira akimsemesha njia nzima asije akalala.

Nesi Kadzo hakuuliza mengi.
Alifunua kile kifua, akashika saa yake, akanyamaza.
Dakika nzima.
Nimetengeneza saa nyingi za simu,
sikujua dakika ni ndefu kiasi hicho.
"Sabini na mbili," akasema, akaandika.

Nikasema, mpigeni sindano, ile kali, nitalipa.
Daktari, kijana ambaye ndevu zake bado hazijaamua,
akasema sindano ile ni ya bakteria,
na huyu ni kirusi, hawajuani kabisa.
Kwamba hushuka kwenye vijia vya mwisho vya mapafu,
vyembamba kama uzi, akavivimbisha, akavijaza ute.
Kwamba takriban kila mtoto hukutana naye
kabla ya miaka miwili,
ila wengine hukutana naye wakiwa wadogo mno.
"Na mtu mzima akimpata?"
Akainua mabega.
"Mafua tu."

Nilitoka nje nikasimama karibu na mfereji.

Usiku huo na usiku uliofuata nilitazama ule mtambo wa oksijeni
ukivuma kando ya kitanda,
mrija puani, plasta shavuni, pale pale nilipombusu.
Mgongo wa mtambo una skrubu nane.
Ningeweza kuufungua na kuufunga macho yakiwa yamefumbwa.
Kesho yake Kadzo alimdondoshea maji ya chumvi puani,
akavuta ute, akahesabu tena.
Sitini na nne.
Kisha hamsini na nane.
Siku ya nne mtoto alinyonya mpaka akalala,
Twahira akalia kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

Sikumwambia. Hata leo.
Nimenunua kipulizio cha mpira, nakibonyeza kwa vidole,
muuza soksi anacheka kwamba nimekuwa mganga wa simu.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kisauni.
Sulhiya ana miezi mitano, anacheka na kila mtu, hata na ukuta.
Twahira alininyooshea mtoto mlangoni.
Sina kamasi, sina kikohozi, koo zima.
Nikasema: "Nina mafua."
"Mafua tu hayo," akasema. "Mchukue, mkono waniuma."

Nikapitiliza hadi uani, kwenye mtungi,
nikaosha mikono, nikaosha uso,
nikaosha mikono.